Cheti safi na simu isiyopokelewa: uchambuzi wa kisa cha kuajiri mlezi wa watoto

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha kulelea watoto mchana. Niliitwa baada ya tukio, kupitia majalada na kuzungumza na waliohusika, ili kituo kijue kilipokosea. Msimamizi wa kituo ameniruhusu kukiandika. Nimeondoa majina na mahali, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtoto yeyote asitambulike. Mfuatano wa maamuzi sikuugusa, kwa sababu humo ndimo mlimo na funzo.

Usuli

Kituo kilikuwa na watoto 46, kuanzia wa miezi sita hadi wa miaka minne, na walezi tisa. Kilikuwa na sifa nzuri. Wazazi waliosomesha mtoto wa kwanza pale walimrudisha wa pili. Kilikuwa pia na mwongozo wa kuajiri, kurasa nne zilizochapwa vizuri, uliosema kwamba kila mwombaji lazima alete cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai, wadhamini wawili, na wasifu kamili.

Nausisitiza mwongozo huo kwa sababu watu wakisikia kisa cha namna hii hudhani kilitokea mahali pasipo na utaratibu. Hapa utaratibu ulikuwepo na ulifuatwa, kwa kiasi kikubwa. Karibu kila kisanduku kwenye fomu kilitiwa alama ya vema.

Katika juma moja walezi wawili waliondoka, mmoja kwa uzazi na mwingine kwa kuhama. Chumba cha watoto wa mwaka mmoja hadi miwili kikabaki na mlezi mmoja kijana aliyekuwa na miezi mitano tu kazini. Msimamizi akaanza kuingia zamu mwenyewe, akiacha kazi za ofisi zirundikane. Ndani ya hali hiyo ndipo nafasi ilipotangazwa.

Waombaji wawili

Waliomba kumi na mmoja, wakaitwa wawili kwenye usaili.

Wa kwanza nitamwita Bi. T. Alikuwa na miaka sita ya kulea watoto na alitaja wadhamini watatu, wote watu waliowahi kumsimamia kazini. Kwenye swali la fomu, “Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote?”, aliandika ndiyo. Alieleza kwa mistari minne kwamba akiwa na miaka 19 aliiba nguo dukani, akatozwa faini, na tangu hapo hajarudi mahakamani. Msimamizi anakumbuka kwamba mwandiko wake kwenye mistari hiyo ulikuwa mdogo kuliko kwingine kote.

Wa pili ni Bi. K. Cheti chake cha polisi kilikuwa kimetolewa wiki tatu zilizotangulia na hakikuwa na doa. Alikuwa na barua mbili za kumsifu zilizoanza na “Kwa yeyote anayehusika”. Kwenye usaili alikuwa mchangamfu. Aliinama kumsalimia mtoto aliyepita mlangoni, akamuuliza jina la mwanasesere wake. Wasifu wake ulikuwa na pengo la miezi minane kati ya kazi ya mwisho na siku ya usaili. Alipoulizwa alisema alikuwa akimuuguza mama yake. Msimamizi alimpa pole, wakaendelea.

Siku mbili za uamuzi

Usaili ulifanyika Alhamisi, na mtu alihitajika chumbani Jumatatu.

Msimamizi alimweka Bi. T kando. Sababu aliyoniambia ni ya kweli na ya kibinadamu: “Nilijiuliza, mzazi mmoja akijua, nitajibu nini?” Hakumpigia mdhamini hata mmoja kati ya watatu.

Kwa Bi. K alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye namba iliyoandikwa chini ya barua ya kwanza. Mwanamke aliyepokea alimsifu Bi. K kwa dakika kadhaa, kwamba ni mtu wa watoto, mvumilivu, na kwamba walihuzunika alipoondoka. Simu ya pili, kwa namba ya barua ya pili, iliita mpaka ikakatika. Ijumaa jioni alijaribu tena, haikupokelewa. Kwenye fomu aliandika: “Wadhamini: wamethibitishwa.”

Bi. K alianza kazi Jumatatu. Alipangwa chumba cha watoto wa mwaka mmoja hadi miwili pamoja na mlezi kijana, na kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu, akawa ndiye kiongozi wa chumba.

Wiki tisa

Wiki mbili za kwanza chumba kilitulia, na msimamizi akarudi ofisini akishukuru.

Katika wiki ya tatu mtoto mmoja aliyekuwa akiingia akicheka alianza kung'ang'ania shingo ya baba yake kila asubuhi. Walezi walisema ni umri, na kweli watoto wa umri huo hupitia kipindi cha kuogopa kuachwa. Ubaya wa dalili hii ni kwamba mara nyingi huwa haina maana yoyote mbaya, ndiyo maana ni rahisi kuipuuza siku inapokuwa na maana.

Wiki ya tano mlezi kijana alimwona Bi. K akimbana mtoto pua ili afungue mdomo amezeshwe chakula. Mtoto alipaliwa. Mlezi hakusema kitu. Nilipomuuliza kwa nini, alilia kabla ya kujibu. “Nilidhani ndivyo wazoefu wanavyofanya. Yeye ndiye mkubwa wangu.”

Wiki ya saba mama mmoja aliona mchubuko kwenye sikio la mwanawe. Daftari la matukio lilisema: “Alianguka akicheza.” Msimamizi alisoma, akamwomba mama radhi, akaagiza zulia la chumba libadilishwe. Hapa inafaa kusema jambo ambalo madaktari wa watoto wanalijua vizuri na vituo vingi havifundishwi. Mtoto mdogo anayejifunza kutembea hujigonga mahali pa mfupa, yaani paji la uso, kidevu, magoti na mundi. Sikio, shingo na kiwiliwili haviumii kirahisi kwa kuanguka kwa kawaida, na michubuko ya sehemu hizo kwa mtoto aliye chini ya miaka minne inastahili kuangaliwa na daktari. Anayeijua tofauti hiyo asingehangaika na zulia.

Wiki ya tisa mtoto mwingine alionekana na alama nne ndogo zilizopangana ndani ya mkono wake wa juu. Safari hii baba alipiga picha kabla ya kuuliza.

Siku ya alama nne

Msimamizi huyu alikosea mambo ambayo nitayasema bila kuficha, lakini siku hiyo alifanya kazi yake kama inavyopaswa.

Ndani ya saa moja alimwondoa Bi. K kwenye chumba na kumpeleka nyumbani kwa likizo ya kusubiri uchunguzi, bila kumtuhumu mbele ya watu. Alipiga simu kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto kabla ya kupiga kwa mwenye kituo. Aliwaomba wazazi wampeleke mtoto hospitali siku ileile. Alichukua daftari la matukio na ratiba za zamu, akavifungia kabatini. Na hakuwaita watoto kuwahoji. Mtoto mdogo akiulizwa swali lilelile na watu wazima watano, hujifunza jibu linalowafurahisha, na ushahidi wake huharibika kabla mtaalamu hajamfikia.

Jioni aliwaandikia wazazi wa chumba kile barua fupi. Ilisema kuna jambo limeripotiwa, mamlaka zinachunguza, mlezi mmoja hayupo kazini, na aliyeona chochote asiwaulize watoto bali awapigie wachunguzi kwa namba iliyotolewa. Mwenye kituo alitaka isubiri. Msimamizi aliituma.

Kilichogunduliwa

Uchunguzi ulijaza lile pengo la miezi minane. Katika miezi mitano kati ya hiyo, Bi. K alikuwa ameajiriwa na kituo kingine, ambacho hakukitaja popote. Wazazi wawili wa pale walilalamika kwamba anawashika watoto kwa nguvu wakati wa kula. Kituo hicho kilizungumza naye, wakakubaliana ajiuzulu, na jambo likaishia hapo. Hakuna ripoti iliyofika polisi wala kwa mamlaka ya watoto. Kwa hiyo cheti chake hakikudanganya. Hakuna aliyekuwa amewapa polisi kitu cha kuandika.

Namba ya barua ya kwanza ilikuwa ya binamu yake. Barua ya pili, ile ambayo simu yake haikupokelewa, ilikuwa ya kweli, imeandikwa na mwajiri wa kweli aliyemsifu kwa haki, maana huko hapakuwa na lalamiko. Namba iliyoandikwa ilikuwa imebadilishwa tarakimu moja.

Msimamizi aliitafuta namba ya ofisi ya mwajiri huyo kwenye orodha ya umma, akapiga. Mama aliyepokea alimkumbuka Bi. K mara moja.

“Si alitoka kwetu akaenda kile kituo kipya? Alituaga kabisa. Haikupita mwezi, wakatupigia kuuliza habari zake.”

“Mama, mimi sikujua kama alifanya kazi huko.”

“Ungetupigia, mwanangu, tungekwambia.”

Simu hiyo ilichukua chini ya dakika nne. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza.

Matokeo

Bi. K aliachishwa kazi baada ya uchunguzi wa ndani. Jalada la jinai halikufika mahakamani. Watoto hawakuweza kueleza, hapakuwa na kamera, na mlezi kijana alikuwa ameona tukio moja tu ambalo halikuacha alama. Familia tatu ziliondoka. Mmoja wa watoto wawili waliokutwa na alama alikataa kulishwa na mtu yeyote asiye mama yake kwa miezi kadhaa. Mwingine, kwa bahati, alirudia hali yake haraka.

Mlezi kijana alibaki. Msimamizi alimtafuta Bi. T kumwomba arudi kuzungumza. Alikuwa amepata kazi kwingine.

Uchambuzi: cheti kinasema nini hasa

Cheti cha polisi ni kitu cha lazima, na sitaki mtu asome kisa hiki akadhani ninakidharau. Wapo watu ambao cheti hicho peke yake ndicho kitakachowazuia mlangoni. Lakini kinajibu swali moja tu: je, jina hili, mahali hapa, hadi tarehe hii, lina kosa lililoandikwa? Kila neno la swali hilo lina mwanya.

Jina: mwaka 2002 katika mji wa Soham, Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule. Uchunguzi ulioongozwa na Michael Bichard, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2004, ulionyesha kwamba mtu huyo alitumia majina mawili na upekuzi wa kabla ya ajira ulitafuta moja. Ulionyesha pia kwamba polisi wa eneo alikoishi awali walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake ambazo hazikuishia kwenye hukumu, na mwajiri hakuzijua. Kutokana na ripoti hiyo Uingereza ilitunga sheria ya mwaka 2006 ya kulinda watoto na watu walio katika hatari, ili kuwe na orodha ya watu wasioruhusiwa kufanya nao kazi hata pale ambapo hapakuwa na hukumu ya mahakama.

Mahali na tarehe: Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2014 kuhusu ruzuku za malezi ya watoto inataka upekuzi wa mlezi uhusishe alama za vidole, rejesta za wahalifu wa ngono na rejesta za unyanyasaji wa watoto, katika kila jimbo alikoishi kwa miaka 5 iliyopita, na urudiwe angalau mara moja kila miaka 5. Waliotunga sheria hiyo walielewa kwamba mtu huhama lakini rekodi yake mara nyingi haimfuati, na kwamba karatasi ya leo haisemi habari za kesho. Kituo kisicho katika nchi yenye sheria kama hiyo bado kinaweza kuuliza: umeishi wapi miaka mitano iliyopita, kwa majina gani, na unaweza kuleta cheti cha kila mahali?

Katika kisa chetu, hata upekuzi mkali wa namna hiyo ungerudi mtupu. Ndiyo maana nasema jalada la kituo hiki lilivunjikia kwenye simu.

Uchambuzi: simu

Kosa moja lililobeba mengine yote ni kupiga namba iliyoandikwa na mwombaji. Barua ya “Kwa yeyote anayehusika” haimhusu yeyote. Inaweza kuandikwa na yeyote, kwa sababu yoyote, hata ikiwa sehemu ya makubaliano ya mtu kuondoka kimya kimya. Jina la mwajiri lichukuliwe kutoka kwenye wasifu, namba itafutwe kwingine, aombwe mtu aliyemsimamia mwombaji, na aulizwe maswali ambayo hayajibiki kwa sifa za jumla. Tarehe alizoanza na kuondoka. Aliondoka kwa sababu gani. Aliwahi kulalamikiwa kuhusu namna anavyomshika au anavyomsemesha mtoto? Kwa maarifa yenu, alikwenda wapi baada ya hapo? Na swali ninalolipenda kuliko yote: mngemwajiri tena kuwalea watoto? Anayesita hapo ameshajibu.

Pengo kwenye wasifu lina heshima yake. Watu huuguza wazazi, huugua wenyewe, hukosa kazi. Kuuliza si kumshuku mtu uongo. Lakini jibu lilipotolewa hapakuwa na hatua ya pili, na hatua ya pili ingekuwa rahisi: kuomba jina la mtu mmoja asiye ndugu anayeweza kuthibitisha. Mtu mkweli hulitoa bila shida akielezwa kwamba kila mwombaji anaombwa hivyohivyo.

Simu isiyopokelewa iliandikwa kuwa imethibitishwa. Nilipomwonyesha msimamizi ule mstari, alikaa kimya muda mrefu. Sikuona mtu mzembe mbele yangu. Niliona mtu aliyekuwa akifanya kazi ya watu watatu, na fomu iliyokuwa na nafasi ya neno “ndiyo” pekee. Siku hizi fomu yao ina nafasi ya saa ya simu, namba iliyopigwa, namba ilikopatikana, jina la aliyejibu na maneno aliyoyasema. Isiyopokelewa huandikwa haikupokelewa, na mtu haanzi kazi.

Uchambuzi: Jumatatu

Swali ninaloulizwa kila ninaposimulia kisa hiki ni: watoto wapo mlangoni Jumatatu, utafanyaje? Naliheshimu. Kituo kilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kumpokea mlezi mpya lakini asibaki peke yake na mtoto wala asiongoze chumba mpaka uhakiki ukamilike, huku mlezi mzoefu wa chumba kingine akihamishiwa pale. Ya pili, kuwaambia wazazi ukweli na kupunguza watoto wa chumba kile kwa juma moja. Njia zote mbili zinauma. Mwenye kituo alizikataa zote baada ya tukio, nilipozitaja, akisema zingeharibu jina la kituo. Sikubaliani naye, na nilimwambia hivyo.

Kumpa uongozi wa chumba mtu wa siku ya kwanza kulifanya jambo jingine baya: kulimziba mdomo mlezi kijana. Hakuwa na mtu wa kumwambia ila yule aliyekuwa akimwogopa. Upekuzi hauishi siku ya kuajiri. Kipindi cha majaribio ni sehemu yake, nacho kinahitaji mtu mwenye mamlaka anayeingia chumbani bila taarifa, hasa wakati wa kula, kulala na kubadilisha nepi, maana huko ndiko subira ya mlezi hupimwa.

Uchambuzi: Bi. T

Namrudia kwa sababu ananisumbua. Kituo kilimkataa aliyesema ukweli kuhusu wizi wa nguo, kosa lisilohusiana na watoto, la miaka kumi na mitano nyuma, kikamchukua aliyeficha kazi nzima. Wadhamini watatu wa Bi. T walikuwa wakisubiri simu. Baadaye, kwa ruhusa yake, niliwapigia. Wote walipokea.

Rekodi ya zamani ipimwe kwa kosa lenyewe, muda uliopita, mwenendo wa tangu hapo, na uhusiano wake na kazi ya mtoto. Yapo makosa ambayo hayana mjadala, yaani ukatili au uovu wa kingono dhidi ya mtoto. Yaliyobaki yanahitaji mazungumzo, na mwombaji apewe nafasi ya kujieleza na karatasi zake zihifadhiwe kwa siri. Kituo kinachomwadhibu kila anayekiri kinawafundisha wengine kuficha.

Uchambuzi: kituo kilichonyamaza

Kituo cha awali kilijilinda kwa kumwacha mtu ajiuzulu. Marekani, sheria ya elimu ya mwaka 2015 inazitaka serikali za majimbo zinazopokea fedha za shirikisho ziwe na kanuni zinazokataza kumsaidia mtumishi wa shule kupata kazi mpya ikiwa inajulikana, au kuna sababu ya kuamini, kwamba alimtendea mtoto uovu wa kingono. Hilo ni eneo moja tu. Mkono mzito wakati wa kula haumo, na kwa watoto wasiojua kusema, huo ndio unaopita kimya.

Mkuu wa kituo hicho aliniambia aliogopa kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kuandika mapema: tarehe, nani aliona nini, hatua gani ilichukuliwa, na kuripoti kwa mamlaka inayohusika. Anayesema yaliyoandikwa, bila kuongeza maoni, anasimama mahali pazuri kuliko anayenyamaza.

Karibu mwaka mmoja na nusu baada ya tukio, simu iliita kwenye ofisi ya msimamizi wetu. Mwanamke wa kituo kingine alikuwa akiuliza habari za Bi. K. Wasifu wake haukukitaja kituo hiki. Mpigaji alikuwa amempigia yule mama wa ofisi ya zamani, naye ndiye aliyemwelekeza. Msimamizi alifungua kabati, akatoa jalada, akasoma tarehe, malalamiko mawili, jina la mamlaka iliyochunguza na sababu ya kuachishwa. Mwanamke aliuliza mbona cheti chake cha polisi ni safi. Msimamizi akamjibu kwamba hata alipokuja kwao kilikuwa safi, kisha akampa namba ya wachunguzi, na kabla ya kukata akaandika kwenye jalada saa ya simu ile.